MOTOKAA NA MATUNZO YAKE: Feni Isiyopumzika

Si ajabu kumsikia mwenye motokaa akilalamika kwamba feni ya rejeta haipumziki. Awashapo injini asubuhi yenye baridi, feni huanza kuvuma papo hapo. Afikapo mjini huvuma, na pengine azimapo injini na kutoa ufunguo ingali inavuma. Wenye magari wengi wapatwapo na jambo hili hufuata mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza husema kwamba kuvuma si kuvunjika, akaendelea na safari zake. Wa pili humwita kijana mwenye koleo, waya ukakatwa, kelele zikaisha. Njia zote mbili zina hasara, na hii ya pili yaweza kumgharimu mtu injini nzima.

Yafaa ijulikane tangu mwanzo kwamba feni ni mtumishi tu. Yenyewe haina akili ya kuamua. Huzunguka kwa kuwa imeamriwa izunguke. Basi anayetaka kuondoa taabu hii hana budi kuuliza maswali mawili: ni nani aliyetoa amri, na je, amri hiyo ni ya haki au ya uongo? Kama injini ina joto kweli, feni inafanya wajibu wake na ubovu uko mahali pengine. Kama injini haina joto, kuna kitu kinachoidanganya feni. Uchunguzi wote umo katika maswali haya mawili.

KAZI YA FENI

Injini huchoma petroli au dizeli, na sehemu kubwa ya nguvu ya moto huo haifiki kwenye magurudumu bali hugeuka kuwa joto. Maji huzunguka ndani ya injini yakalichukua joto hilo, yakalipeleka kwenye rejeta, na huko upepo hulipunguza. Gari likienda kasi barabarani, upepo wa safari hutosha wenyewe. Lakini likisimama, au likipanda mlima polepole na mzigo mzito, upepo hupungua, na hapo ndipo feni inapohitajika.

Katika magari ya zamani, kama vile malori ya Bedford na Land Rover za kwanza, feni iliendeshwa kwa mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Feni ya namna hiyo huzunguka muda wote injini inapofanya kazi, na huo si ubovu hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba hula nguvu ya injini hata wakati isipohitajika. Kwa sababu hiyo watengenezaji walitafuta njia ya kuipumzisha. Peugeot 404, iliyotolewa mwaka 1960 na kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na feni iliyoshikwa na sumaku ya umeme: maji yakipata joto sumaku huinasa feni ikazunguka, yakipoa sumaku huiachia.

Baadaye yalikuja magari yanayovutwa kwa magurudumu ya mbele, ambayo injini yake imelazwa kukingama. Mkanda haukuweza tena kuifikia rejeta kwa urahisi, na feni ikapewa mota yake ya umeme. Hiyo ndiyo feni iliyomo katika magari mengi madogo ya siku hizi. Huwashwa na swichi ya joto, au na kompyuta ya injini inayopata habari kutoka kwa sensa iliyomo ndani ya maji. Katika magari mengi huanza kuzunguka maji yafikapo kati ya digrii 95 na 105 za sentigredi, ikazimika yakishapungua digrii chache.

WAKATI AMBAPO SI UBOVU

Kabla ya kumshitaki feni, mwenye gari na aangalie mambo matatu. Kwanza, je, mtambo wa kupooza hewa ndani ya gari umewashwa? Mtambo huo ukifanya kazi, feni huzunguka hata kama maji ya injini ni baridi, maana nao una rejeta yake ndogo mbele inayohitaji upepo. Katika magari mengi, swichi ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele huuwasha mtambo huo bila dereva kujua. Basi na azime vyote viwili, kisha asikilize.

Pili, je, gari limetoka kupanda mlima au kukaa katika msongamano? Magari mengi yametengenezwa feni izunguke kwa dakika chache baada ya injini kuzimwa, kisha inyamaze yenyewe. Tatu, je, feni ni ya mkanda? Kama ni ya mkanda, kuzunguka ndiyo desturi yake. Ila zipo feni za mkanda zenye kiungo cha mafuta mazito katikati, ambacho huilegeza feni wakati wa baridi. Kiungo hicho kikikwama, feni huvuma kama ndege kila injini inapokwenda mbio, na petroli huongezeka kutumika.

TAHADHARI

Feni ya umeme yaweza kuanza ghafula hata injini ikiwa imezimwa, na vidole vilivyomo kati ya mabawa yake vitakatika. Kwa hiyo mtu asitie mkono karibu na feni kabla ya kuondoa waya wa ncha hasi ya betri. Tena asifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ina moto, maana maji yaliyobanwa humo hurukia uso na mikono yakaunguza vibaya. Na asubiri hata rejeta ipoe kabisa.

JARIBIO LA ASUBUHI

Jaribio lililo bora halihitaji chombo chochote. Gari lilale usiku kucha, na asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa na mtambo wa kupooza hewa umezimwa, ufunguo uzungushwe. Feni ya umeme ikianza mara moja, amri ni ya uongo, maana maji yaliyolala usiku kucha hayawezi kuwa na joto. Feni ikikaa kimya, ikaanza baada ya injini kupata moto na kisha isinyamaze tena, yaelekea joto ni la kweli. Dereva atazame pia kipimo cha joto, au taa nyekundu ya joto kwa magari yasiyo na mshale. Kwa jaribio hili moja tu, nusu ya kazi ya fundi imekwisha kufanyika.

KAMA JOTO NI LA KWELI

Aanze na vitu rahisi, visivyo na gharama. Cha kwanza ni kiasi cha maji. Injini ikiwa baridi, afungue kifuniko na kutazama kama rejeta imejaa. Ikiwa imepungua, maji yamekwenda mahali fulani, na kuongeza tu bila kutafuta tundu ni kuahirisha msiba. Atazame mipira, chini ya pampu ya maji, na viungo vya rejeta. Na ijulikane kwamba sensa iliyoachwa katika mvuke badala ya maji yaweza kusoma vibaya, hata feni ikanyamaza wakati injini inaungua. Kwa hiyo ukimya wa feni peke yake si ushahidi wa usalama.

Cha pili ni uso wa rejeta. Gari la mkulima hupita katika nyasi, vumbi na matope. Mbegu za nyasi, wadudu na tope lililokauka huziba nafasi ndogo zinazopitisha upepo, hasa kati ya rejeta ya injini na ile ya mtambo wa kupooza hewa, mahali pasipoonekana kwa mtu aliyesimama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: ainame, amulike kwa tochi, kisha aoshe kwa maji ya nguvu ndogo, yakitoka upande wa injini kuelekea mbele. Maji ya nguvu nyingi hupinda mapezi membamba ya rejeta, yakaongeza taabu.

Cha tatu ni upepo wa feni wenyewe. Baada ya gari kutengenezwa, nyaya mbili za mota huweza kuunganishwa kinyume, na feni ikazunguka upande usiofaa. Itavuma sana lakini haitavuta hewa ipasavyo, na kwa kuwa injini haipoi, haitapumzika. Magari mengi yana feni nyuma ya rejeta. Kwa magari hayo, karatasi nyepesi ikiwekwa mbele ya rejeta wakati feni inazunguka na gari limesimama, yapasa ivutwe na kugandama. Ikisukumwa mbali, nyaya zimegeuzwa. Kadhalika kava ya plastiki inayoizunguka feni isiachwe ikavunjika, maana ndiyo inayohakikisha kwamba upepo unapita katika rejeta nzima.

Cha nne ni kifuniko cha rejeta, kitu kidogo kinachodharauliwa. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, ambayo iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,700, huchemka kwa digrii 94 hivi, na Timboroa, palipo juu zaidi ya mita 2,700, huchemka kwa digrii 91 tu. Basi bila kifuniko kizuri, maji ya gari lililoko nyanda za juu yangeweza kuchemka hata kabla ya kufikia joto la kuiwasha feni. Kifuniko kizima huyabana maji kwa springi yake, na kwa kubanwa huko maji hayachemki upesi. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, maji huchemka, hutoka, na hupungua kila siku. Kifuniko kipya kinunuliwe chenye kipimo kilekile kilichoandikwa juu ya cha zamani, wala kisizidi.

Cha tano ni thamostati, mlango mdogo unaoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la kutosha, aghalabu kati ya digrii 82 na 88. Ikikwama katika hali ya kufungwa, injini huchemka huku rejeta ikibaki baridi. Mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakisema kwamba nchi ya joto haiihitaji. Hilo ni kosa. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata moto, hula petroli zaidi, na silinda zake huchakaa mapema. Iliyokufa ibadilishwe, isitupwe na kuachwa tundu.

Kama vyote hivyo ni vizima, yabaki mambo ya fundi: pampu ya maji iliyokufa, rejeta iliyoziba kwa ndani kwa kutu na ukoko wa chokaa, au gasketi ya hedi iliyopasuka, ambayo hupitisha moshi wa silinda ndani ya maji. Kutu na chokaa huletwa zaidi na desturi ya kutia maji ya mtoni au ya kisima kila mara. Dawa ya rejeta iitwayo kulanti, ikichanganywa na maji safi kwa kiasi kinachoagizwa na mtengenezaji, huzuia kutu na pia huongeza joto la kuchemka. Bei yake ni ndogo kuliko rejeta mpya.

KAMA AMRI NI YA UONGO

Jaribio la asubuhi likionyesha kwamba feni inadanganywa, mdanganyifu yumo katika umeme. Aanze na sensa ya joto na plagi yake. Katika magari yenye kompyuta, waya wa sensa ukikatika au plagi ikiingia kutu, kompyuta haijui tena joto la maji. Nayo imefundishwa kwamba, ikiwa haijui, ni heri kupooza bila haja kuliko kuacha injini iungue. Basi huiwasha feni na kuiacha. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilifuata hekima hiyohiyo bila kompyuta: swichi yao ya joto hupitisha umeme wakati wa baridi na kuukata wakati wa joto, kwa hiyo plagi ikichomoka, feni huzunguka. Katika magari mengine mengi ya zamani mambo ni kinyume: plagi ikichomolewa feni husimama, na swichi iliyokwama ndiyo huifanya isipumzike. Fundi asiyejua tofauti hii huweza kubadilisha vitu vizima mpaka fedha za mwenye gari ziishe.

Sensa yenyewe hupimwa kwa mita ya umeme. Katika Toyota nyingi, sensa ya kompyuta nzima huonyesha kati ya omu 2,000 na 3,000 kwa digrii 20, na hushuka mpaka kati ya omu 200 na 400 kwa digrii 80. Isiposhuka kadiri joto linavyopanda, haifai. Lakini kabla ya kuinunua nyingine, plagi isafishwe na waya ufuatwe mpaka mwisho, maana mara nyingi ubovu ni kutu ya senti chache tu.

Kisha atazame rilei, yaani swichi ndogo ya sumaku iliyomo katika sanduku la fyuzi. Ndani yake mna ncha mbili za chuma zinazogusana kila feni inapowashwa. Kwa miaka mingi ncha hizo hutoa cheche, na siku moja huweza kuungana zisiachane tena. Hapo feni huzunguka hata ufunguo ukiwa mfukoni. Jaribio lake ni hili: rilei ichomolewe. Feni isiposimama, kuna rilei nyingine ya feni katika gari hilo, au kuna waya uliopelekwa moja kwa moja kutoka kwenye betri na fundi aliyetangulia. Ikisimama, iwekwe rilei nyingine iliyo nzima, yenye namba zilezile. Feni ikinyamaza, rilei ya kwanza ndiyo mbovu. Ikiendelea, amri yatoka mbele zaidi, kwenye sensa, kompyuta au waya. Rilei zisibadilishane kwa kufanana rangi tu, maana rilei ya feni katika zile Toyota za zamani hufanya kazi kinyume cha nyingine.

Mwisho ni mtambo wa kupooza hewa. Swichi yake ya mgandamizo ikiharibika, au gesi ikijazwa kupita kiasi, feni huamriwa izunguke muda mrefu kuliko inavyostahili. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo vya gesi.

Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996, na Ulaya tangu mwaka 2001, huweka makosa yake katika kompyuta kwa namba, na magari mengi ya Japani ya miaka hiyo hufanya vivyo hivyo. Namba P0115 hadi P0118 huhusu sensa ya joto la maji au waya wake. P0128 huonyesha kwamba injini haifikii joto lake, na mara nyingi thamostati ndiyo sababu. P0480 huhusu njia ya umeme ya feni. Namba haitaji kitu cha kununua. Huonyesha mlango wa kubisha tu.

HASARA YA KUPUUZA NA HASARA YA KUKATA

Wako wanaouliza: feni ikizunguka daima, kuna ubaya gani? Kwa injini, ubaya si mkubwa, kwa sababu thamostati huilinda isipoe mno. Lakini feni ya wati 180 katika gari la volti 12 hula ampea 15. Betri ya ampea 45 kwa saa itaishiwa katika muda wa saa tatu hivi. Karani aliyeacha gari mbele ya ofisi saa mbili asubuhi na feni ikizunguka, adhuhuri hatalipata likiwaka. Tena mota ya feni huchakaa, na siku itakapokufa ndiyo siku ya msongamano na jua kali.

Kukata waya ni kubaya zaidi. Siku hiyo gari litakwenda vizuri, na kesho yake pia, maana upepo wa barabarani utatosha. Siku ya tatu, katika mlima na magunia ya viazi mgongoni, maji yatachemka. Hedi za injini nyingi za leo ni za aluminiamu, nayo hupinda upesi ikizidiwa na joto. Gasketi ikipasuka na hedi ikapinda, gharama huwa mara nyingi kupita bei ya rilei au sensa iliyokuwa na kosa.

Kama mtu yuko safarini na hana fundi, ni afadhali feni izunguke daima kuliko isizunguke kabisa. Aiache ivume mpaka afike. Afikapo, akiwa kila alalapo husikia feni baada ya kutoa ufunguo, achomoe rilei au waya wa betri ili asubuhi aweze kuwasha, lakini airudishe kabla ya kuondoka, na aandike katika karatasi iwekwe juu ya usukani ili asisahau.

Ampelekeapo fundi gari lake, asiseme tu, "Feni ina kelele." Amweleze kwamba feni huanza wakati wa baridi au wakati wa moto, kwamba huzunguka na ufunguo au bila ufunguo, kwamba maji hupungua au hayapungui, na kazi gani ilifanywa kabla ya taabu kuanza. Mwenye gari aliyeyatazama mambo hayo manne hauziwi rejeta wakati kilichokufa ni rilei, na fundi mwema atamshukuru kwa kumpunguzia kazi.

Juma lijalo: Mkanda wa altaneta, na jinsi ya kuutambua kabla haujakatika.